Injini ya pikapu kuukuu ipimwe kwa gia boksi, mlima na breki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nijibu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika gazeti lako, ambamo mwandishi aliwashauri wenye pikapu za zamani, na hasa wenye Land Rover 109 (zenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), waondoe injini walizonazo na wafunge injini ya Toyota 1HZ yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2. Nimeisoma makala hiyo mara tatu na sina ugomvi na sifa alizozitoa. Injini hiyo imekuwa ikifungwa kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 tangu mwaka 1990, haina turbo (feni ya kuisukumia injini hewa zaidi), huvumilia kazi ngumu, na mafundi wanaoijua hawatafutwi kwa tochi. Ninachopinga ni ushauri wenyewe. Makala nzima ilizungumzia injini, lakini gia boksi, ekseli, rejeta na breki za gari litakaloibeba injini hiyo hazikutajwa hata kwa neno moja, na msomaji aliyeachiwa pikapu na baba yake anaweza kuufuata ushauri ule, akauza ng'ombe wawili, akaishia kuwa na gari bovu kuliko lile alilokuwa nalo.

Mimi ni mmoja wa hao walioachiwa. Ni mkulima wa viazi na kabichi wilayani Lushoto, na pikapu ninayoitumia ni Land Rover 109 ya mwaka 1976, toleo la Series III, ambayo marehemu baba aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, akaifanyia kazi mpaka nguvu zake mwenyewe zilipomwishia. Kazi ya gari hilo haijabadilika tangu wakati wake: kutoa mazao Lukozi, kupita Magamba na Lushoto mjini, kuteremka Soni hadi Mombo kwenye barabara kuu, kisha kupanda tena na mbolea, saruji au mabati. Asiyeijua barabara hiyo aelewe kwamba Mombo iko chini kwenye nyika yenye joto, na Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali umbali kati ya miji hiyo miwili ni kilomita thelathini na ushei tu. Mlima uko upande mmoja, bonde upande wa pili, na kona hufuatana bila kumpa dereva nafasi ya kupumua. Barabara ya namna hii huipima injini, lakini huvipima zaidi vile vilivyo nyuma ya injini.

Injini iliyozaliwa na gari letu ni ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, ambayo wengi tumeizoea kwa jina la lita mbili na robo. Nguvu yake ni kama ya farasi 70. Asubuhi za Julai, ukungu ukiwa umetanda hadi kwenye paa za nyumba na betri imechoka, baba aliiwasha kwa hendeli. Plagi na pointi alizisafisha mwenyewe, kabureta aliifungua juu ya gunia kavu ili hata skrubu ndogo isipotee, na sikumbuki siku aliyomlipa mtu kwa kazi hiyo. Mwaka mmoja gasketi ya hedi iliungua tukiwa tumeshaipita Soni na mzigo, na baba na utingo wake wakaibadilisha palepale kando ya barabara kwa boksi moja la spana, tukafika nyumbani kabla ya magharibi. Nayaeleza haya kwa sababu mwandishi wa makala aliiita injini hiyo mzigo wa chuma chakavu, na neno hilo halikuistahili.

Udhaifu wake naujua pia, na sitaki kuuficha. Ikiwa na mzigo, gari letu lilikuwa halizidi kilomita 6 kwa lita moja ya petroli, na kwa mtu anayeuza kabichi hiyo ni hesabu inayokula faida yote kabla ya kufika sokoni. Isitoshe, injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, hivyo farasi 70 wa usawa wa bahari huwa wamebaki 60 wakifika Lushoto, na kupanda Magamba huwapunguza tena. Hata hivyo, kwa mwenye pikapu ya kutembelea, au ya shamba dogo lililo tambarare, au anayeitunza kwa ajili ya kumbukumbu ya wazazi, shauri langu la kwanza ni kuifanyia ovaholi injini hiyohiyo. Silinda zikichongwa na kuwekwa pistoni za saizi iliyozidi, krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ikisagwa na kuvishwa beringi mpya, valvu zikakaa vizuri, itafanya kazi miaka mingine mingi. Vipuri vyake bado vinatengenezwa. Ajihadhari tu kwamba injini hizo ziko za aina mbili, za zamani zenye krenki ya beringi kuu tatu na zilizotoka kuanzia mwaka 1980 zenye beringi kuu tano, na vipuri vya moja haviingii vyote kwenye nyingine.

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe. Petroli iliponishinda nilikwenda Dar es Salaam, katika duka moja la injini zilizotumika, nikanunua Nissan TD27, dizeli ya silinda nne yenye lita 2.7, ya aina iliyokuwa kwenye magari ya Caravan. Uchaguzi wenyewe haukuwa mbaya. Injini hiyo ni tulivu, na kemshafti yake, yaani shafti inayofungua valvu, inaendeshwa kwa meno ya gia, haina mkanda wa taimingi unaoweza kukatika ukiwa safarini. Tatizo lilikuwa kwamba injini ya Nissan haikutengenezwa ikutane na gia boksi ya Land Rover, na ili zikutane inabidi itengenezwe sahani ya chuma ya kuziunganisha. Fundi niliyempa kazi aliikata sahani ile kwa grainda, akatoboa matundu kwa kukisia, akachomelea mikono ya kushikilia injini kwenye chasisi, na siku ya tatu gari likawaka. Nilifurahi sana. Nilimpa hata nyongeza.

Mwezi wa pili klachi ikaanza kulia kila nilipoikanyaga. Mwezi wa tatu gia boksi ikaanza kunguruma katika gia zote isipokuwa ya nne, na nilipoiteremsha nikaiona beringi ya shafti inayoingia kwenye gia boksi imekwisha. Niliishika mkononi nikaigeuzageuza juani. Kipete chake cha ndani kilikuwa kimelika upande mmoja tu, kama soli ya kiatu cha mtu anayechechemea.

Mzee mmoja fundi wa Tanga, ambaye maisha yake yote amefanya kazi na mashine za kukereza chuma, ndiye aliyenionyesha sababu. Aliifunga geji ya mshale kwenye flaiwili, lile gurudumu zito lililo nyuma ya krenki, ncha ya geji ikigusa ukingo wa tundu la kasha la klachi, kisha akaizungusha krenki kwa mkono, taratibu, mzunguko mzima. Mshale ulitembea zaidi ya milimita moja. Akaniambia kwamba yeye hakubali uzidi sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa sababu krenki na shafti ya gia boksi zinapaswa kusimama kwenye mstari mmoja kana kwamba ni chuma kimoja, na zikipishana hata kwa unene wa ukucha, basi kila zinapozunguka zinasukumana, na kwa mizunguko 2,500 kwa dakika hakuna beringi inayostahimili kusukumwa hivyo siku baada ya siku. Kazi aliyoifanya upya ilimchukua juma zima, na sehemu kubwa ya juma hilo alikuwa akipima tu. Tangu hapo, mtu anapoisifu injini fulani mbele yangu, swali langu la kwanza huwa ni moja: inaungana na gia boksi kwa kitu gani, na nani amekipima?

Kuhusu 1HZ nina ushahidi wa karibu, maana jirani yangu, ambaye tumekua pamoja na namwita kaka, aliifunga katika 109 yake na nilikuwepo wakati wa kuiteremsha ndani. Silinda sita zilizopangwa mstari mmoja ni ndefu. Katika ukumbi wa injini wa gari lililotoka kiwandani na silinda nne, rejeta ilibidi isogezwe mbele, feni yenyewe ikaondolewa na kuwekwa ya umeme, na uzito wote ule ukalala juu ya springi za mbele mpaka zikanyooka. Usukani ulikuwa mzito kiasi kwamba mke wake, aliyekuwa akiliendesha gari hilo kwenda mnadani, aliacha kuliendesha. Injini yenyewe ilitoka kwenye gari la soko la Japani, kwa hiyo staata na alteneta zake zilikuwa za volti 24, na gari zima ni la volti 12. Hilo nalo likawa gharama nyingine ambayo hakuna aliyemtajia dukani.

Lakini alipanda mlima kwa raha, hilo silikatai. Na raha hiyo ndiyo iliyomponza. Gari ambalo uwezo wake ni tani moja hivi alilipakia mifuko 40 ya saruji, yaani tani mbili, kwa sababu mguu wake ulimwambia kwamba injini haijachoka. Injini kweli haikuchoka, ila gia ya pili ilikatika meno chini kidogo ya Soni. Aliitengeneza, akaendelea. Miezi michache baadaye, akiteremka na mzigo wa viazi, breki zilianza kunuka, pedali ikazama hadi sakafuni, na akalazimika kulilaza gari kwenye ukingo wa mlima ili lisiende bondeni. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia. Breki za 109 ni za dramu magurudumu yote manne, nazo zikipata moto hupoteza mshiko, na hakuna injini duniani inayoziongezea uwezo. Ndugu Mhariri, hili ndilo jambo lililonifanya nichukue kalamu: injini kubwa humwongezea dereva uwezo wa kupanda na mzigo, na kila mzigo uliopanda kwenye barabara hii iko siku utateremka.

Waliolitengeneza gari hili walilijua jambo hilo kuliko sisi. Mwaka 1979 walipoamua kuweka injini ya V8 yenye lita 3.5 ndani ya 109, injini ambayo kwenye Range Rover ilikuwa ikitoa nguvu zaidi ya farasi 120, waliibana makusudi hadi farasi 91. Hawakuiunganisha na gia boksi ya kawaida ya Series III pia, waliipa gia boksi ya Range Rover, na uso wa gari wakausogeza mbele ili rejeta ipate nafasi. Ikiwa kiwanda kilichokuwa na wahandisi na vyumba vya majaribio kilipunguza nguvu ya injini kwa kuzingatia gari lililoibeba, sisi wenye mkebe wa spana na mashine ya kuchomelea tunapata wapi ujasiri wa kufanya kinyume chake?

Niongeze hesabu moja ambayo kila mwenye 109 anaweza kuifanya kwa penseli. Difu za gari hili, yaani gia zilizo ndani ya ekseli, zina uwiano wa 4.7 kwa 1, na transifa boksi, inayogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, katika gia kubwa ina takriban 1.15 kwa 1. Kwa matairi ya 7.50-16, mwendo wa kilomita 80 kwa saa katika gia ya nne huizungusha injini karibu mara 2,900 kwa dakika. Dizeli nyingi za umri huo hufikia kikomo chake kwenye mizunguko 4,000, kwa hiyo ukifunga dizeli bila kugusa difu, gari litakuwa linalia barabara nzima ya kwenda Tanga, na kuna watu ambao kwa sababu hiyo huweka difu za 3.54 kutoka Land Rover na Range Rover za baadaye. Mizunguko hushuka hadi kama 2,200, kelele hupungua na mafuta hupungua. Kwa anayeishi Handeni au Korogwe, ambako barabara imenyooka, sina pingamizi. Kwa anayeshuka Soni na mzigo nasema hapana, kwa sababu difu hiyo huondoa robo nzima ya uwezo wa gari kushikwa na gia wakati wa kuteremka, na robo hiyo itabidi ilipwe na dramu zilezile nilizozieleza hapo juu. Mimi nimebaki na 4.7, na nakwenda Tanga polepole.

Mwishoni nilichagua nini? TD27 ilipokuja kuchoka baada ya miaka kadhaa ya kazi nzuri, safari hii niliamua kutafuta injini isiyohitaji sahani yoyote, nikapata 200Tdi iliyotoka kwenye Land Rover Discovery iliyopinduka. Hiyo ni dizeli ya silinda nne yenye turbo, sentimita za ujazo 2,495, iliyoanza kutumika katika Discovery mwaka 1989 na katika Defender mwaka uliofuata, na nguvu yake ni farasi 111. Ubora wake mkubwa kwetu hauko katika hao farasi. Ni kwamba injini hiyo ni mjukuu wa ile lita mbili na robo, na matundu ya kuifunga kwenye gia boksi ya Series yamebaki karibu vilevile, hivyo inakaa mahali pake kwa marekebisho madogo na krenki inalingana na shafti bila kubahatisha. Turbo yake pia hufidia ile hewa nyepesi ya juu, na tofauti hiyo niliisikia siku ya kwanza nilipolipandisha gari Magamba. Ile ya Discovery ina kasoro moja: turbo imekaa chini na hugombana na chasisi, kwa hiyo nililazimika kutafuta manifoldi (bomba la moshi linalobeba turbo) ya Defender, ambayo turbo yake imekaa juu. Inatumia mkanda wa taimingi pia, nami nimeubadilisha siku ileile ya kuifunga bila kusikiliza maneno ya muuzaji kwamba bado ni mpya. Kwa sasa gari linanipa karibu kilomita 9 kwa lita likiwa na mzigo wa wastani.

Msomaji makini ataniuliza mbona najichanganya, kwa kuwa nguvu ya msokoto ya 200Tdi ni nyutoni mita 265, na ile ya 1HZ haiizidi kwa mbali. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba gia boksi ya Series inabaki kuwa kiungo dhaifu hata kwangu, na ninaishi nayo kwa masharti. Fundi alitaka kuifungua skrubu ya pampu ya nozeli ili aongeze mafuta na nguvu, nikamkatalia. Mzigo hauzidi tani moja. Gia ya kwanza na ya pili sizikanyagii mafuta hadi mwisho, na kwenye mteremko wa Soni ninaingiza gia ndogo mapema, kabla gari halijashika kasi. Anayetaka kubeba zaidi ya hapo afanye kama kiwanda kilivyofanya, abadilishe gia boksi pamoja na injini, na breki zianze kabla ya vyote viwili. Mwenye 109 ya zamani zaidi, ya Series II, aangalie pia ekseli ya nyuma, kwa sababu nyingi za miaka hiyo zina hafushafti (shafti za kuzungusha magurudumu) nyembamba zinazokatika kwa urahisi, wakati Series III zilikuja na ekseli ya Salisbury iliyo imara zaidi.

Kwa atakayekwenda kununua injini iliyotumika, mahali popote atakapokwenda, asikubali kuonyeshwa injini ambayo imeshapashwa moto. Aiguse kwa mkono, iwe baridi, ndipo iwashwe mbele yake. Ikiwa inaunguruma afungue kifuniko cha kumiminia oili, na akiona moshi unatoka kwa msukumo, puu, puu, puu, ajue ringi zimekwisha na pesa zake azirudishe mfukoni. Chini ya kifuniko hicho kukiwa na utelezi mweupe kama maziwa yaliyoganda, maji yameingia kwenye oili. Kama ina turbo, aondoe bomba la hewa na aishike shafti yake kwa vidole viwili: kucheza kidogo kwenda kando ni kawaida, lakini mapanga yakigusa ukuta hiyo ni turbo ya kutupa. Aulize volti za staata. Kisha ahesabu vitu vinavyokuja pamoja na injini, kwa sababu injini isiyo na mikono yake, pampu yake, waya zake na bomba za rejeta ni nusu ya injini, na nusu iliyobaki huuzwa kwa bei ya injini nzima.

Adai risiti yenye namba ya injini iliyoandikwa wazi. Namba hiyo imo kwenye kadi ya usajili wa gari pamoja na namba ya chasisi, na injini ikibadilishwa bila mabadiliko hayo kupelekwa Mamlaka ya Mapato, siku ya kuuza gari, siku ya ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani au siku ya kudai bima, mwenye gari atakuwa anaeleza habari ambayo karatasi zake zinaipinga. Nimemwona mtu akizunguka miezi minne kwa sababu ya risiti moja.

Sisemi kwamba 1HZ haina nyumba kwenye pikapu za zamani. Mwenye Land Cruiser ya FJ45 ana gari lililozaliwa na injini ya petroli ya silinda sita yenye karibu lita 3.9, na ndugu yake HJ45 alitoka kiwandani na dizeli ya silinda sita yenye lita 3.6. Chasisi, springi na ekseli zao zilipangwa kwa uzito wa aina hiyo tangu mwanzo, na kwa hao ushauri wa mwandishi unafaa, mradi gia boksi iangaliwe na ile habari ya volti 24 isisahaulike. Wenye Peugeot 504 na Toyota Stout, zilizobeba watu na mizigo ya nchi hii miaka mingi, wapo katika hali nyingine kabisa, kwani hayo ni magari mepesi, na ninaona ni bora watafute dizeli ndogo za silinda nne au wabaki na petroli. Ningefurahi kusikia kutoka kwao wenyewe kupitia safu hii, maana sijawahi kuyafanyia kazi kwa mikono yangu.

Namwomba mwandishi wa makala aandike sehemu ya pili. Aende kwenye gereji, achague 109 moja iliyofungwa 1HZ na iliyofanya kazi mlimani kwa miaka miwili au zaidi, amuulize mwenyewe amefungua gia boksi mara ngapi, amebadilisha springi za mbele mara ngapi, na anateremka mlima na mzigo gani. Majibu yakiwa mazuri ayachapishe, nami nitayasoma kwa moyo mweupe.

Ile injini ya baba ya lita mbili na robo sikuiuza, ingawa wanunuzi wa vyuma wamenifuata nyumbani zaidi ya mara moja. Nimeilaza stoo juu ya mbao mbili za mkaratusi, nimemimina oili katika kila silinda na kuziba matundu ya plagi kwa vitambaa, na kila mwisho wa mwezi naingiza hendeli ileile na kuizungusha nusu mzunguko ili isigande. Kijana wangu wa pili, aliyeko kidato cha tatu, ameanza kuniuliza pistoni za saizi iliyozidi zinapatikana wapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wako, Lushoto, Tanga.